Siku ya Mwisho ya Lisansi ya Zamani

Tangazo nililibandika mimi mwenyewe, na gundi ilikuwa bado mbichi Feza alipofika kulisoma. Ilikuwa Jumatatu ya pili ya mwezi wa tisa. Mimi ni katibu wa idara ya Kiingereza katika chuo kimoja hapa Kasongo. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja, na matangazo yote hupitia mikononi mwangu. Mengi ni ya kawaida: mtihani umesogezwa, mwalimu amesafiri, ufunguo wa darasa la tatu umepotea tena.

Hilo halikuwa la kawaida. Lilisema kwamba mpango wa zamani wa masomo unafungwa. Lisansi ya fasihi ya Kiingereza, ile ya miaka miwili baada ya gradua, shahada ya kwanza, haitakuwapo tena. Mwanafunzi ambaye hatakuwa ametetea mémoire yake, yaani tasnifu ya kumaliza masomo, mbele ya juri ya walimu kufikia Ijumaa, tarehe thelathini na moja mwezi wa kumi, ataandikishwa upya katika mpango mpya, mwaka wa kwanza wa masta. Chini kabisa zilitajwa masta mbili zitakazofunguliwa kwetu: Ufundishaji wa Kiingereza, na Kiingereza cha Biashara na Madini.

Feza alisoma hadi chini, akarudi juu, akasoma tena.

"Estelle," akaniambia, "fasihi iko wapi?"

"Haiko."

"Haiko namna gani?"

"Wameitoa, mama. Hata mimi nimeona tu vile unaona."

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, binti wa familia ya Waislamu wa mjini, mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari ya wasichana. Lisansi ya miaka miwili alikuwa ameifanya kwa miaka sita. Katikati alizaa mara mbili, akafundisha saa zote za shule, na msimamizi wake wa kwanza akahama. Wenzake watatu walioanza naye walikwisha acha. Mmoja wao, Bruno, alikwenda kuchimba dhahabu Salamabila na hakurudi tena darasani. Feza alibaki peke yake. Kila mwaka nilipotayarisha orodha ya mwaka wa pili wa lisansi, niliandika jina moja.

Mémoire yake ilihusu bibi wa pili katika riwaya za Afrika zilizoandikwa kwa Kiingereza. Siku moja nilimuuliza kwa nini alichagua jambo hilo. Akaniambia mama yake, anayekaa Nyangwe, aliolewa bibi wa pili akiwa na miaka kumi na saba, na katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumuuliza aliyaona namna gani. "Siku nimekuta kitabu bibi wa pili anasema yeye mwenyewe," alisema, "nilikifunga kwanza. Nilitoka inje. Kisha nikarudi kusoma."

Asubuhi hiyo ya tangazo aliingia kwa mkuu wa idara, Magloire. Mlango ulikuwa wazi na meza yangu iko karibu, kwa hiyo nilisikia yote.

"Chef, nimebakiza sura moja. Munipe hata mwezi wa kumi na mbili."

"Feza, kama ingekuwa mimi, ningekupa hata mwaka." Magloire alisukuma barua mbele yake. "Soma hapa. Juri ya lisansi inaomba madokta wawili. Mimi nimefundisha fasihi hapa miaka kumi na tisa, lakini nina lisansi tu. Tangu leo sina haki hata ya kukaa kwa hiyo meza. Nitasimama kwa mulango kama mutu wa kufagia."

"Madokta tuko nao wangapi?"

"Wa Kiingereza? Mumoja. Prof Raphaël."

Profesa Raphaël ndiye aliyekuwa msimamizi wa Feza, mzee aliyekuja chuoni kwa baiskeli hata mvua ikinyesha. Wa pili tulikuwa naye zamani. Aliitwa Christophe, naye alituacha miaka mitatu kabla, akaenda Salamabila kuwa mkalimani wa kampuni ya wageni. Feza aliandika jina lake nyuma ya daftari, akaenda darasani kufundisha.

Sura ya nne aliiandika kwa wiki tano. Alikuwa akija kwangu kila adhuhuri, wanafunzi wake wakiwa mapumzikoni, na kurasa zilizoandikwa kwa mkono. Mimi nilipiga chapa kabla jua halijapungua, maana umeme wetu ni wa sahani za jua zilizo juu ya bati, na saa kumi kompyuta huanza kulia. Prof Raphaël alisoma kwa kalamu nyekundu. Mara ya kwanza alimrudishia kurasa zote.

"Neno 'anateseka' nimelihesabu mara kumi na nne katika kurasa tatu," alimwambia. "Huyu mwanamke hana kazi nyingine? Hapiki? Hacheki? Hamdanganyi mume wake hata siku moja?"

Feza alicheka, na mimi nikacheka. Aliandika upya. Mara ya pili mzee alirudisha nusu. Mara ya tatu aliandika chini ya ukurasa wa mwisho: *Iko tayari*, akatia sahihi. Ilikuwa tarehe kumi na tatu mwezi wa kumi. Sijawahi kumwona mtu akiishika karatasi namna ile, kwa ncha za vidole tu, kana kwamba wino ungehamia mkononi.

Ilibaki kumpata dokta wa pili. Simu ya Christophe ilikuwa haipokelewi. Feza na mume wake, Amisi, ambaye anauza vitenge na sabuni sokoni, wakafunga duka, wakapanda pikipiki kwenda Salamabila. Walilala Kabambare njiani. Aliponieleza baadaye, alisema walimkuta Christophe ndani ya kontena lililogeuzwa ofisi, akitafsiri kanuni za kuvaa kofia za chuma.

"Nilimusalimia, akaniangalia kama mutu ametoka katika usingizi," Feza alisema. "Nikamupa mémoire. Akasoma ukurasa wa kwanza akisimama. Kwa ukurasa wa tatu akatafuta kiti."

Christophe alisoma karibu saa nzima, na Amisi akaanza kuhofia kwamba usiku utawakuta njiani. Mwishoni alisema, "Miaka mitatu sijasoma kitu chenye mutu ndani." Akaahidi kuja. Kampuni yake ilikuwa na msafara wa magari utakaotoka Salamabila Jumatano, tarehe ishirini na tisa, na kufika Kasongo Alhamisi. Angepanda humo. Akaandika jina lake na namba mpya ya simu kwenye jalada la nyuma.

Feza aliporudi, uso wake ulikuwa umepakwa vumbi jekundu hadi kwenye kope, lakini alikuwa anatabasamu. Tukapanga utetezi Ijumaa saa tatu asubuhi. Ilikuwa siku yenyewe ya mwisho, ila hapakuwa na nyingine. Magloire aliomba kwa maandishi tuongezewe hata wiki moja. Jibu lilikuja kwa simu, mstari mmoja: tarehe haibadiliki, rejista inafungwa saa kumi jioni.

Mama yake Feza alifika kutoka Nyangwe Jumatano, na kapu la samaki waliokaushwa. Alikuwa mama mfupi, mwenye sauti ndogo. Alipoingia ofisini kwangu kuona mahali mtoto wake "atakaposema", aliuliza kama viti vitatosha. Nikamwambia vitatosha. Akauliza kama watu watamkemea. Nikamwambia, "Watamuuliza tu maulizo, mama." Akatikisa kichwa, lakini niliona hakuniamini.

Alhamisi msafara haukufika. Jioni Christophe alipiga simu akasema wamelala Kabambare, gari moja lilikuwa limezama kwenye matope, asubuhi na mapema watatoka. Feza alisema alhamdulillah. Mimi nikatandika meza ya ukumbi kitambaa cheupe, nikapanga viti vya juri, nikaweka chupa za maji.

Ijumaa saa tatu watu walikuwa wamekaa. Feza alivaa kitenge cha rangi ya buluu na mtandio wa hariri. Amisi alikuwepo na watoto wao wawili, mkubwa wao Hidaya amesukwa nywele mpya. Walimu wenzake wa shule ya wasichana walijaza safu mbili. Prof Raphaël alikaa katikati ya meza, suti yake ya kahawia imepigwa pasi. Kiti cha kulia kwake kilikuwa kitupu. Magloire hakukaa. Alisimama kando ya mlango, kama alivyosema, ingawa viti vilikuwepo.

Saa nne. Saa nne na nusu. Saa tano kasoro robo, simu yangu ikalia. Nilitoka nayo uani.

"Estelle, tumerudishwa," Christophe alisema. "Kumepigwa risasi mbele yetu, katika pori. Wanajeshi wamefunga barabara. Gari zote zimerudi Kabambare."

"Mpaka saa ngapi?"

"Hawasemi. Wanasema tungoje."

Nikarudi ndani, nikamnong'oneza Profesa. Feza alituangalia midomo. Amisi ndiye aliyesimama.

"Mimi naenda kumuleta na pikipiki."

"Utapita wapi, mwanangu?" Profesa akamuuliza. "Njia ni moja."

"Nitajaribu."

Tulisikia pikipiki yake ikiondoka kwa kishindo. Baada ya nusu saa ikarudi taratibu. Wanajeshi walikuwa wamemsimamisha kwenye kizuizi cha kutoka mjini, wakamwambia kama ana watoto arudi kwao. Alikaa kwenye kiti chake, kofia mkononi, akawa anatazama sakafu. Kisha adhana ya Ijumaa ikasikika, naye akainuka pamoja na wanaume wengine kwenda kuswali, na ukumbi ukabaki na wanawake, watoto, Profesa, na Magloire pale mlangoni.

Mama yake Feza alifungua kapu akamgawia Hidaya kipande cha samaki na muhogo. "Wale waalimu wa mbali bado?" aliniuliza.

"Bado, mama."

"Njaa isiwarudishe. Chakula kiko."

Saa nane, wanaume wakiwa wamekwisha kurudi kutoka msikitini, Profesa alisema tujaribu kwa simu. Kanuni haikusema kitu juu ya simu. Haikukataza wala haikuruhusu. Tuliweka simu yangu juu ya kitambaa cheupe, mbele ya kiti kitupu, nikafungua sauti yote. Mara nne rezo, mtandao wa simu, ilikataa. Mara ya tano Christophe akaitika, na nyuma yake tukasikia mbuzi na watu wakibishana.

"Namusikia mutetezi?" alisema.

"Niko, Prof," Feza akajibu, akasimama.

Prof Raphaël akafungua kikao kwa maneno rasmi, haraka haraka, kama mtu anayevuka barabara. Akampa Christophe nafasi ya kuuliza kwanza, kwa sababu ya rezo. Christophe alikohoa. Aliuliza kwa Kiingereza, polepole, na Kiingereza chake kilikuwa kizuri, kile cha zamani alipokuwa anatufundishia hapa. Swali lake nitalisema kwa lugha yetu: "Katika sura ya nne unasema mwandishi anampa bibi wa pili sauti yake mwenyewe. Lakini mwandishi ndiye aliyeandika kila neno. Je, anampa sauti, ao anaiazima tu kwake? Na wewe, katika mémoire hii..."

Hapo ikakatika.

Nilichukua simu. Hakukuwa na alama hata moja ya rezo. Nikaishika juu, nikaenda dirishani, nikapanda juu ya benchi. Hakuna. Nikageuka kumwambia Profesa, lakini Feza alikuwa ameanza kujibu.

Alijibu akiikabili ile nafasi kwenye kitambaa, simu ilipokuwa. Alisema ni kweli, sauti ni ya kuazima. Akasema tofauti iko katika kumjua mwenye kitu, maana mwandishi mmoja anaazima bila kumwangalia yule mwanamke, na mwingine anakaa kwanza jikoni pamoja naye mpaka akubaliwe. Alitaja mifano ya riwaya tatu. Alifungua mémoire mara mbili tu kusoma mistari. Akasema yeye mwenyewe ameandika kurasa mia moja na kumi juu ya wanawake hao, na bado kuna mmoja ambaye hakuthubutu kumuuliza neno, na mmoja huyo yuko hapa ndani. Alisema hayo yote kwa Kiingereza, kwa hiyo mama yake hakuelewa. Alikuwa anamfuta Hidaya mafuta mdomoni.

Alizungumza kama dakika ishirini. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza, walimu wa shule ya wasichana walipiga makofi, wakaacha, kwa sababu Profesa hakupiga.

Tuliendelea kujaribu simu. Saa tisa na nusu Christophe alituma ujumbe wa maandishi, uliofika kwa bahati: *Samahani. Bado tumefungwa.* Hatukupata kingine.

Karatasi ya juri ilikuwa mbele yangu, tupu, ina nafasi mbili za sahihi. Nikainama kwa Profesa.

"Prof, niandike alikuwepo? Yeye mwenyewe atasaini akifika. Nani atajua?"

Feza alisikia. Magloire naye alisikia. Niliona ameangalia nje.

Mzee aligeukia kiti kilichokuwa kitupu. "Watu sitini wamekiona hiki kiti," alisema. "Wakigundua, hawatakunyang'anya wewe kazi, wala mimi pensheni. Watamnyang'anya yeye diploma, na jina lake litasomwa redioni."

"Na kama mimi nakubali?" Feza aliuliza. "Kama mimi mwenyewe nakubali hiyo hatari?"

"Mimi sikubali."

"Prof, wewe uko na yako!" Sauti yake ilipanda hadi watoto wakageuka. "Umekwisha kupata yako!"

Mzee alivua miwani. Macho yake yalikuwa madogo na yamechoka. Saa kumi ililia kwenye kompyuta yangu, ule mlio wake wa betri. Magloire alipeleka rejista kwa mkurugenzi wa chuo ili ifungwe, akarudi mikono mitupu.

Watu walitoka mmoja mmoja wakimshika Feza mkono, kama vile watu hufanya matangani. Mama yake alibaki wa mwisho.

"Umeanguka?" akamuuliza.

"Sikuanguka, mama. Hawakumaliza kuniuliza."

"Basi tutarudi kesho?"

Amisi ndiye aliyemjibu mama mkwe wake: "Hapana, mama. Kesho haiko."

Christophe alifika Jumanne. Aliingia ofisini na mkoba, amenyoa ndevu, na maulizo yake sita yameandikwa vizuri kwenye karatasi. Nilimwambia rejista imefungwa. Aliniomba niseme tena. Magloire aliandika barua nyingine, ndefu, akaeleza habari za risasi, barabara na simu, na Prof Raphaël akatia sahihi, na Christophe pia. Baada ya wiki tatu walitujibu kwamba barua imepokelewa. Hatukusikia zaidi ya hapo.

Wiki nyingi Feza hakuja chuoni. Nilimwona mara moja sokoni, kwenye duka la Amisi, anampimia mteja kitenge. Tulisalimiana juu ya watoto, juu ya mvua. Nilitaka kumwambia kwamba ningetia jina la Christophe kwenye ile karatasi bila kumuuliza mtu, kama ningekuwa na moyo. Sikumwambia. Sijui ingemsaidia nini.

Mwezi wa kwanza masta mpya zikafunguliwa. Magloire alihamishiwa maktaba, kwa sababu hana udokta na masomo ya fasihi aliyokuwa akiyafundisha hayako tena. Vitabu vya riwaya alivipanga kwenye rafu ya nyuma, akaweka mbele vile vipya vya biashara, kama alivyoagizwa. Siku ya mwisho ya kujiandikisha Feza alikuja. Masta ya Ufundishaji ilikuwa haikupata watu wa kutosha, kwa hiyo hakukuwa na la kuchagua. Nilimwandika: Kiingereza cha Biashara na Madini, mwaka wa kwanza, namba kumi na saba.

"Kwa nini, Feza?" nilimuuliza.

"Shuleni wanasema bila diploma mupya, saa zangu za darasa la sita watapewa wengine. Nitafanya nini?"

Somo la kwanza lilifundishwa na Pitchou, kijana aliyemaliza masta yake Bukavu. Feza alikuwa amemfundisha Kiingereza miaka ya nyuma, wakati alipokuwa akitoa masomo ya ziada kwa wavulana. Pitchou alipoingia na kumwona kwenye benchi la tatu, alisimama mlangoni. Niliwaona kwa sababu nilikuwa nimepeleka orodha ya majina.

"Madame," alisema, "samahani. Mukae mbele basi."

"Hapa ni pazuri," Feza alimjibu. "Endelea, Monsieur."

Pitchou aliita majina. Alipofika la kumi na saba hakuliita. Alitia alama tu, akapita.

Saa sita niliwaona wanatoka. Nilimngoja Feza kwenye korido, nikamuuliza wamejifunza nini.

"Barua ya kuagiza mashine za kusukuma maji."

"Na umefanya vizuri?"

"Kumi na nane juu ya makumi mbili," alisema. Alitazama saa yake, akafunga mtandio, akaenda shuleni kwa sababu darasa lake la mchana lilikuwa linaanza.